Frere Town: Mtaa Uliozaliwa na Uhuru

Ukitoka katika kisiwa cha Mombasa na kuvuka daraja la Nyali kwenda upande wa bara ya kaskazini, huendi mbali kabla ya kufika mahali paitwapo Kengeleni. Magari hupita hapo mchana na usiku, matatu hushusha abiria na kupakia wengine, na wauzaji wa matunda hupanga bidhaa zao kando ya njia. Nyuma ya barabara hiyo mna nyumba za watu, makanisa, misikiti na shule. Wazee huketi barazani jioni, na watoto hurudi nyumbani na mikoba yao mgongoni. Huo ndio mtaa wa Frere Town, na kwa macho ya mpita njia hauna tofauti na mitaa mingine ya mji wa pwani.

Lakini mitaa mingi huzaliwa polepole, pasipo mtu kujua siku ya kuzaliwa kwake. Mtu hujenga kibanda, jirani hujenga cha pili, na baada ya miaka hamsini pana mji. Mtaa huu haukuzaliwa hivyo. Ulianzishwa katika mwaka wa 1875 kwa makusudi, na wakazi wake wa kwanza walikuwa watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Kwa hiyo historia yake yatuuliza swali ambalo kila mwanafunzi wa nchi huru yampasa alifikiri: Je, mtu akifunguliwa minyororo leo, amekwisha kuwa huru?

Tuanze na sababu za kuanzishwa kwake. Katika karne ya 19 biashara ya watumwa ilikuwa imeenea sana katika Afrika ya Mashariki. Watu walitekwa bara, katika nchi za Wayao, Wanyasa, Wamakua na makabila mengine mengi, wakapelekwa pwani kwa miguu. Wengine waliuzwa katika soko la Unguja, wengine walibakishwa kufanya kazi katika mashamba ya karafuu, minazi na nafaka, na wengine walivushwa bahari hata Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikivizia majahazi hayo baharini. Zilipokamata jahazi, watumwa waliokuwamo walitangazwa kuwa huru.

Hapo pakatokea tatizo ambalo watu wengi hawalifikiri. Mtu huyu aliyetolewa katika jahazi atapelekwa wapi? Kwao ni mbali, na njia ya kurudi ndiyo ile ile wanayopita wawindaji wa watumwa. Akishushwa pwani peke yake, hana ndugu wala mlinzi, na huenda akakamatwa tena siku ya pili. Kwa muda mrefu Waingereza walikuwa wakiwapeleka baadhi yao Aden na Bombay. Huko India, karibu na mji wa Nasik, wamisionari wa Kanisa la Kianglikana walikuwa na kijiji kiitwacho Sharanpur, ambamo watoto wa Kiafrika walifundishwa kusoma na kuandika, pamoja na useremala, uhunzi na kazi nyingine za mikono. Msimamizi wa kazi ile alikuwa padre mmoja, jina lake William Salter Price.

Vijana waliolelewa pale waliitwa Wabombay, ingawa walikuwa Waafrika halisi. Baadhi yao ni watu wa kukumbukwa. Mwaka 1864 watatu kati yao, William Jones, Ishmael Semler na George David, walirudi Afrika na kufanya kazi Rabai, mahali ambapo Johann Ludwig Krapf alikuwa ameanzisha kituo cha misheni tangu mwaka 1846. Wengine walisafiri na David Livingstone. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake waliubeba mwili wake hata pwani, safari ya miezi mingi. Miongoni mwao alikuwamo Jacob Wainwright, aliyekwenda na mwili ule hata Uingereza na kuwa mmoja wa wachukuzi wa jeneza katika maziko ya Westminster Abbey, mwezi wa Aprili 1874. Mwingine alikuwa Matthew Wellington, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Chengwimbe. Huyu aliishi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 1935.

Tazama majina hayo, msomaji. Mtoto wa Kiyao aitwaye Chengwimbe amekuwa Matthew Wellington. Mtumwa hunyang'anywa kwanza jina lake, kwa maana aliyemnunua humwita apendavyo. Lakini hata waliomfungua hawakumrudishia lile la kwanza. Walimpa jipya, kwa nia njema, lakini lisilo la babaye. Jambo hili ni dogo kwa sauti, lakini ni kubwa kwa maana, nasi tutakutana na mfano wake tena na tena katika habari za mtaa huu.

Mwishoni mwa mwaka 1872 Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere, aliyepata kuwa Gavana wa Bombay, aende Unguja kumshawishi Sultani Barghash bin Said akomeshe biashara ya watumwa. Sultani hakukubali kwa urahisi, kwa kuwa mapato yake na utii wa matajiri wake vilitegemea biashara ile. Hatimaye, baada ya kutishwa kwamba Unguja itazingirwa na manowari, alitia sahihi mkataba tarehe 5 Juni 1873. Kwa mkataba ule kusafirisha watumwa kwa bahari kulikatazwa, na masoko ya watumwa yakafungwa. Frere mwenyewe aliitembelea Mombasa, akatoa shauri kwamba watu wanaookolewa wapatiwe mahali pa kukaa papa hapa Afrika, badala ya kupelekwa India.

Shauri lile lilifuatwa. Price aliitwa aache kazi yake ya awali, akafika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874. Mwaka uliofuata alinunua ardhi upande wa bara, ng'ambo ya mkono wa bahari unaokitenga kisiwa, mahali ambapo mtu aliweza kuuona Mji wa Kale mbele yake. Upande huo huo ndipo alipozikwa Rosina, mke wa Krapf, aliyefariki mwezi wa Julai 1844. Kituo kipya kiliitwa Frere Town kwa heshima ya Sir Bartle Frere. Manowari zikaanza kuwashusha watu waliookolewa, na Wabombay wakaja kutoka India wawe walimu, mafundi na viongozi wao.

Jaribu kuwaona watu wale siku ya kushuka kwao. Wamekonda kwa njaa na safari. Mmoja asema Kiyao, wa pili Kimakua, wa tatu Kinyamwezi. Mama hana mwanawe, na mtoto hamjui mamaye. Hawajui kama watu weupe waliowachukua ni wakombozi au ni wanunuzi wengine. Kutokana na watu hawa ilipasa kujengwa jumuiya: kukata vichaka, kujenga nyumba, kugawana vishamba, kusoma, kuoa na kuolewa, na kupata lugha moja ya kuelewana. Lugha ile ilikuwa Kiswahili. Katika kizazi kimoja tu watoto wa makabila mengi walikuwa watu wa mtaa mmoja, na watu wa pwani wakawaita Wamisheni. Damu haikuwaunganisha, waliunganishwa na msiba mmoja, na kazi moja, na jirani mmoja kumwuguza mwenziwe. Wahenga walisema, "Jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali." Kwa wengine methali ile ni mashauri mema tu, kwa watu wa Frere Town ilikuwa ndiyo njia pekee ya kuishi, maana ndugu hawakuwapo.

Hata hivyo tusidhani kwamba uhuru wao ulikuwa raha tupu. Wasimamizi wa misheni walitawala kituo kama baba mkali atawalavyo watoto. Palikuwa na saa ya kazi, saa ya shule na saa ya sala, na anayekosa aliadhibiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1870 msimamizi alikuwa mtu aitwaye J. R. Streeter, ambaye hakuwa padre. Chini yake watu walichapwa viboko na kufungwa gerezani ndani ya kituo chenyewe. Habari zikaenea, na mwaka 1881 uchunguzi ukafanywa ukathibitisha ukatili ule. Streeter akaondolewa, na Price akarudishwa kwa muda ili kutengeneza mambo. Fikiri vile ilivyokuwa: mtu aliyekimbizwa kutoka kwa mjeledi wa mfanyabiashara aukuta mjeledi mwingine katika mji wa uhuru. Ni kweli kwamba hakuuzwa, wala mwanawe hakunyang'anywa. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini asiye na sauti katika mambo yake mwenyewe bado ana safari mbele yake.

Palikuwa na shida nyingine iliyotoka nje. Mkataba wa mwaka 1873 ulikataza biashara ya watumwa kwa bahari. Haukuuondoa utumwa wenyewe. Kwa sheria za Sultani mtumwa aliyekuwa shambani Mombasa au Malindi alikuwa bado mali ya bwana wake. Kwa hiyo palikuwa na watu wa namna mbili. Namna ya kwanza ni wale waliookolewa na manowari, ambao uhuru wao ulitambuliwa na Serikali ya Uingereza. Namna ya pili ni watoro, waliokimbia wenyewe usiku na kuja kuomba hifadhi misheni. Wa kwanza aliweza kutembea barabarani pasipo hofu nyingi. Wa pili aliweza kudaiwa siku yoyote na bwana wake.

Wenye watumwa walikasirika sana. Waliona kwamba kituo kile ni mlango wazi wa kutorokea. Mwaka 1880 hasira ilipanda hata ikahofiwa kwamba Frere Town itashambuliwa kwa silaha. Wakuu wa misheni wakawa katika mashaka: wakimrudisha mtoro, wamemsaliti, wasipomrudisha, wamevunja sheria ya nchi na kuhatarisha maisha ya wote. Mara nyingi waliamuru watoro wasipokewe. Lakini watu wenyewe, na hasa viongozi wa Kiafrika, waliwaonea huruma wenzao. William Jones, aliyekuwa kiongozi wa Rabai, naye alikuwa amepata kuuzwa alipokuwa mtoto. Je, mtu wa namna hiyo angemfungia mlango mtoro? Watoro wakajaa Rabai.

Mwaka 1888 mambo yalifikia kilele chake. Kampuni ya Kiingereza iliyopewa ukanda wa pwani na Sultani iliona kwamba vita vinaweza kuzuka kabla haijaanza kazi yake. Mkuu wake, George Mackenzie, akafanya mapatano na wenye watumwa: walipwe fedha kwa kila mtoro aliyeonekana katika vituo vya misheni, nao watoe hati za uhuru. Siku ya kwanza ya Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 walipewa hati zao Rabai. Ilikuwa siku ya furaha kubwa. Lakini utumwa kama hali ya kisheria ulidumu katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907, miaka 34 baada ya mkataba wa Barghash. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Frere Town katika mwaka wa kuanzishwa kwake alikuwa na umri wa miaka 32 kabla sheria ya nchi haijakubali kwamba hakuna mtu awezaye kuwa mali ya mwenzake.

Katika miaka ile ile Frere Town ilikuwa lango la habari za bara. James Hannington, Askofu wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ya Kianglikana, alifika hapo mwezi wa Januari 1885, na mwaka huo huo akawapa Jones na Semler daraja ya ushemasi. Kisha akafunga safari kwenda Buganda, na Jones alikuwa katika msafara wake. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones ndiye aliyewarudisha wachukuzi walionusurika. Waliingia Rabai mapema mwaka 1886 nyuma ya bendera ya buluu iliyoandikwa kwa herufi nyeupe neno moja, Ichabod, neno la Biblia la kusema kwamba utukufu umeondoka. Kijana aliyeuzwa utotoni alikuwa amekuwa shemasi, kiongozi wa msafara, na mtu wa kuwaambia Wazungu habari za msiba wao.

Mapema kuliko sehemu nyingi za nchi yetu, mtaa huu ulikuwa na watu waliojua kusoma, kuandika na kufanya kazi za ufundi. Uingereza ilipotangaza himaya yake mwaka 1895, na reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, makarani, wakalimani, walimu na mafundi walihitajika, na watoto wa Frere Town walikuwa tayari. Chuo cha kuwafundisha wachungaji kilichokuwapo hapo kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na ndicho kilichokua kuwa Chuo Kikuu cha St. Paul's. Ukiona mti Limuru, ujue kwamba mche wake ulioteshwa pwani.

Katika fasihi pia mtaa huu umetoa mchango. James Juma Mbotela, mwana wa mtu aliyeokolewa katika utumwa, aliandika kitabu kiitwacho "Uhuru wa Watumwa," kilichochapishwa mwaka 1934. Ndani yake asimulia habari za kutekwa, kusafirishwa na kuokolewa kwa wazee wake. Msomaji wa leo ataona kwamba mwandishi awasifu sana Waingereza, na apunguza makosa yao. Si haki kumcheka kwa hayo, wala si busara kukubali kila neno lake. Mwana hueleza wema aliotendewa baba yake. Kazi ya mwanahistoria ni kusikiliza ushahidi wa Mbotela, kisha kuukumbuka na ule uchunguzi wa mwaka 1881, na kuvipima vyote viwili. Mwanawe Mbotela, Tom, aliingia katika siasa, akawa mmoja wa viongozi wa chama cha KAU, na aliuawa Nairobi mwezi wa Novemba 1952. Na mjukuu wa ukoo huo, Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki mwaka 2025, alijulikana redioni katika kila pembe ya Kenya kwa Kiswahili chake safi. Vizazi vichache vyatosha kutuonyesha mwendo: babu hakuwa na amri juu ya mwili wake, mjukuu alisikilizwa na taifa zima.

Sasa tuitazame kengele iliyoupa mtaa jina lake la pili. Wenyeji husimulia kwamba ililizwa ili kuwaonya watu wakimbilie usalama kila majahazi ya wateka-watumwa yalipoonekana. Kengele ya misheni ilikuwa pia ya kuwaita watu kazini, shuleni na kanisani, kwa kuwa katika kijiji kisicho na saa mkononi mwa kila mtu, kengele ndiyo saa. Masimulizi haya hayapingani. Mlio mmoja uliweza kumwambia mtu akimbie, na siku nyingine kumwambia aje. Na pengine yaeleza vema maisha ya mtaa ule: hofu na utaratibu vilikaa juu ya nguzo moja.

Limebaki jambo la ardhi. Ardhi ya Frere Town ilinunuliwa kwa jina la misheni, si kwa jina la wakazi. Mzee aliyefyeka kichaka na kupanda mnazi alikula matunda yake, lakini hakuwa na hati. Mwaka 1908 sheria ililetwa pwani iliyotaka kila mwenye kudai ardhi aje na ushahidi wake. Sheria ya namna hiyo humfaa mwenye karatasi, wakili na jamaa wa kumshuhudia. Mtu aliyetolewa katika jahazi angemwita nani aje aseme, "Shamba hili lilikuwa la babu yake"? Babu yake alizikwa nchi nyingine. Thamani ya ardhi ilipopanda, baada ya daraja la kwanza la kuelea kufunguliwa Nyali mwaka 1931, na zaidi baada ya daraja jipya la mwaka 1980, ng'ambo iliyokuwa kimbilio la maskini ikawa mahali panapotamaniwa na matajiri. Watu wengi wa pwani, si wa mtaa huu peke yao, wameonja uchungu wa kuishi mahali kwa vizazi kadhaa na kuambiwa kwamba si pao.

Turudi basi kwenye swali letu. Habari za Frere Town zatuonyesha kwamba uhuru una ngazi nyingi, na minyororo ni ngazi ya kwanza tu. Manowari iliweza kumtoa mtu katika jahazi kwa saa moja. Haikuweza kumpa jirani, lugha, elimu, sauti katika mambo yake, wala mahali pa kuzikwa wanawe. Hayo alijitafutia mwenyewe, kidogo kidogo, mara nyingine akisaidiwa na mara nyingine akizuiwa na wale wale waliomwokoa. Tukiwashukuru waliofungua minyororo, tuwaheshimu zaidi waliojenga nyumba baada ya minyororo kuanguka; maana kukata pingu ni kazi ya shoka moja, lakini kumjenga mtu upya ni kazi ya maisha.

Kwa hiyo usipite Kengeleni ukidhani ni kituo cha magari tu. Na utakaporudi kwenu, uliza jinsi mtaa wako ulivyopata jina lake, ni nani waliofyeka kichaka cha kwanza, na kama wajukuu wao wangali wanaitwa wenyeji. Waulize wazee upesi, wangali barazani.